Kitenge Alichonifungia Mkamwana Wangu

Mkamwana wangu alinipiga makofi, akaniangusha, akanikalia kifuani, akanifunga mikono kwa kitenge chake, kisha akaniburuta juu ya mawe na theluji kama mtu anavyoburuta gogo la kuni. Hayo yote ni kweli. Sitaki mtu ayapunguze kwa kunihurumia, wala ayaongeze kwa kutafuta kicheko. Yanayosemwa zaidi ya hayo, kuanzia Hamugembe nilikojenga hadi Kishanda nilikozaliwa, ni uongo. Nilikuwa Afisa Tarafa hadi nilipostaafu, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kusikiliza maneno ya watu na kuutenga uongo na ukweli. Naomba nafasi ya kuufanyia kazi hiyo uongo unaonihusu mwenyewe.

Naandika kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia umebakiwa na kidole gumba na kidole cha mwisho, na katikati yao kuna nafasi ambayo bado huniwasha wakati wa mvua. Namwandikia mtu aliyekaa leo kwenye benchi la hospitali, viungo vyake vimekuwa vyeusi, na ameambiwa angoje. Naiandikia pia nyumba ambayo mgonjwa wake aliinuka akawapiga watu wake, na sasa hakuna anayejua amtazame vipi.

Mwanangu Deusi ni fundi mitambo huko Ulaya, chini ya milima ya Alpi. Nilipostaafu alitualika mimi na mama yake. Mama yake, Ma Koku, alikataa mara moja.

"Nikafuate baridi ya nini?" alisema. "Na kibanja chetu cha migomba nani atakisimamia? Nenda wewe uliyezoea kusafiri kwa barua ya serikali."

Nikaenda peke yangu. Zawadi ya Deusi ilikuwa likizo ya kutembea milimani kwa miguu, kutoka nyumba moja ya wageni hadi nyingine, yeye, mimi na mkewe Advera. Likizo yenyewe waliiita ya kujiongoza. Maana yake ni kwamba kampuni inakuuzia ramani na kijitabu, inapeleka masanduku yako kwa gari bondeni, halafu inakuachia mlima. Alama za rangi zimepakwa kwenye mawe, na wewe unazifuata kama mbuzi anavyofuata majani. Katika utumishi wangu wote sikuwahi kumpeleka mgeni kwenye kata asiyoijua kwa kumpa kijitabu. Nilimpa mtu. Lakini sikusema neno, kwa sababu nilijiona ni mtu wa milima. Nimezaliwa Kishanda, na vilima vya Muleba nilivipanda kwa miguu enzi ambazo tarafa yangu haikuwa hata na pikipiki.

Hapa lazima nieleze jambo kwa msomaji asiye wa kwetu. Katika ukoo wetu, baba mkwe na mkamwana hawagusani. Mkamwana hampiti baba mkwe njiani, hamtazami usoni, hampi kitu mkono kwa mkono. Anakiweka mahali, anarudi nyuma, na baba mkwe anakichukua. Advera ni binti wa Kagoma, amelelewa vizuri, na Ulaya haikumwondolea malezi yake. Wanawake wote tuliokutana nao milimani walivaa suruali. Yeye pia alivaa, maana mawe yale hayapandiki kwa gauni, lakini juu ya suruali alijifunga kitenge, kwa heshima yangu. Naomba msomaji akikumbuke kitenge hicho.

Siku ya pili Deusi aliteguka goti. Likavimba. Ilibidi ashuke kwa basi akatusubiri bondeni.

"Baba, turudi wote," alisema.

"Nyumba ya juu imekwisha kuandikishwa kwa majina yetu," nilimjibu. "Ratiba ni ratiba."

"Ratiba haina mapafu, Baba," alisema akicheka.

Nikamwona amekosa adabu. Asubuhi iliyofuata mimi na Advera tulipanda kwenye kile chumba kidogo kinachoning'inia kwenye waya, kikatupandisha juu kwa muda mfupi kuliko unaotosha kunywa chai, na tulipotoka tulikuwa mahali pasipo na mti hata mmoja. Tukaanza kutembea, mimi mbele, yeye nyuma.

Kichwa kilianza kuuma kabla ya saa sita. Kilipigwa kutoka ndani, kama mtu anatwanga na mimi ndiye kinu. Baadaye nikatapika. Nilikwenda nyuma ya mwamba, nikatapika, nikayafukia matapishi kwa theluji kwa ncha ya fimbo, kwa sababu baba mkwe hatapiki mbele ya mkamwana. Nikarudi njiani. Nikatapika tena, nikafukia tena. Kifua kikaanza kutoa sauti kama chungu kinachochemka, na nilipokohoa nilitema povu la rangi ya waridi, nalo nikalifukia. Advera aliniwekea chupa ya maji juu ya jiwe, akarudi nyuma hatua kadhaa, nikaenda kuichukua. Wazungu wawili, mke na mume, walitupita tukiwa hivyo. Yule mwanamke alimuuliza Advera kama tumegombana. Akajibu hapana, huyu ni baba wa mume wangu. Mwanamke akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu la swali jingine.

Basi Advera alitembea nyuma yangu tangu asubuhi bila kuuona uso wangu. Angeuona, angeona midomo iliyokuwa imegeuka rangi ya zambarau. Aliona mgongo tu, na mgongo wa mtumishi wa serikali umefundishwa kutosema kitu.

Alasiri ukungu ulitushukia na theluji ikaanza kutupiga usoni kama mchanga. Nilikuwa napepesuka kama mtu aliyeshinda kwenye pombe ya ndizi.

"Baba, u mzima?" aliuliza kutoka nyuma.

"Tembea!"

"Baba, njia ya kushuka iko hapa. Tushuke."

"Nani amekuuliza?"

Kuanzia hapo kumbukumbu yangu imechanika, lakini haikupotea, na wanaosema sikumbuki chochote wanasema wasiyoyajua. Nakumbuka kwamba mlima ule ulikuwa kilima cha nyuma ya nyumba yetu Kishanda. Marehemu baba yangu alikuwa amesimama kileleni na panga mkononi, ananiita nipande. Nyuma yangu palikuwa na mtu aliyetaka mkoba wangu. Mikono yangu ilikuwa ya moto, hakika niliisikia inaungua, nikavua glavu nikazitupa. Zikachukuliwa na upepo.

Hapo ndipo Advera aliponipita. Alisimama mbele yangu na kunitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu aolewe na mwanangu.

Nilimpiga kwa fimbo ya chuma. Pigo la kwanza lilimpata juu ya jicho, likampasua. Damu ilimjaa uso na kudondoka kwenye theluji, nyekundu kuliko damu yoyote niliyowahi kuiona, na mimi nimesimamia kesi za mapanga.

"Baba! Ni mimi Advera! Mke wa Deusi!"

"Mwizi wewe! Mkoba wa serikali huo!"

Nikampiga begani. Nilisikia mfupa ukilia. Nikainua fimbo mara ya tatu naye akaidaka, tukaivutana ukingoni mwa korongo ambalo chini yake sikupaona kwa ukungu. Nilipoona hataki kuiachia, niliuma mkono wake. Niliuma kama mbwa, nikasikia nyama inaachia chini ya meno. Naandika hivyo kwa makusudi. Watu wa Kishanda wamezoea kusimulia mambo yaliyotendwa kwangu, na ya kwangu wanayaruka.

Ndipo alipoanza kunipiga. "Nisamehe, Baba," alisema, akanizaba kofi. "Nisamehe, Baba," akanizaba jingine. Kila kofi alilitangulizia ombi la msamaha. La mwisho liling'oa jino langu lililokuwa limeshalegea, nikaanguka, akanikalia kifuani. Akafungua kitenge kiunoni, akakipasua kwa meno vipande viwili kwa urefu. Kimoja alinifungia mikono. Kingine alikipitisha chini ya makwapa yangu, akakivuta kwa bega moja lililokuwa zima, na hivyo ndivyo nilivyoshuka mlima. Mgongo wangu una alama za mawe yale mpaka leo. Nilimtukana njia nzima, kwa Kiswahili na kwa Kihaya, matusi ambayo sikujua kwamba nayajua. Yeye alilia na kuvuta. Ukungu ulipofumuka tulikuwa kwenye malisho, kati ya ng'ombe wenye kengele shingoni, na wachungaji wao walikuja wakikimbia.

Madaktari walisema mapafu yalikuwa yamejaa maji na ubongo umevimba, na kwamba dawa ya kwanza ya ugonjwa ule ni kushuka. Zaidi ya hapo sitaeleza, si fani yangu. Katika chumba cha dharura nilimpiga muuguzi teke la tumbo. Wakanifunga tena, safari hii kwa mikanda ya ngozi, na wakataka mtu wa familia anishike kichwa huku wakinikata nguo. Deusi alikuwa bado njiani. Aliyenishika kichwa ni Advera, jicho likiwa limefumba kwa uvimbe. Nguo zangu zilikatwa zote mbele yake. Hilo nalo naliandika, kwa kuwa ndilo lililonong'onwa kuliko yote, na jambo likishaandikwa haliwezi tena kunong'onwa.

Akili zilinirudia taratibu, na pumzi pia. Vidole havikurudi. Vya mkono wa kushoto viliponea mfukoni, nilikouficha kabla sijafungwa. Vitatu vya kulia vilikuwa vyeupe na vigumu kama mishumaa, kisha vikaota malengelenge ya damu, kisha vikawa vyeusi. Nilitaka vikatwe siku ile ile. Daktari akasema hapana, tungoje miezi, mpaka mwili wenyewe uoneshe mstari kati ya kilichokufa na kilicho hai. Viza yangu haikuwa na subira ya namna hiyo. Deusi hakupewa ruhusa kazini. Advera ndiye aliyenirudisha Bukoba, akabaki nasi Hamugembe ili anifunge vidonda.

Kwa wewe unayengoja mstari, nitakueleza kungoja kulivyo. Kidole kilichokufa hakiumi, kinachouma ni pale kinapokutana na kilicho hai. Pale panauma kana kwamba mtu anakusaga taratibu na hana haraka ya kumaliza. Harufu inakutangulia mlangoni. Watoto wa jirani wanakoma kukuamkia. Utajikuta unakichukia kiungo chako mwenyewe, na asubuhi fulani utakigonga kwenye kona ya meza kwa hasira, kama nilivyofanya, nawe utajuta mpaka jioni. Usikigonge.

Hospitalini tuliketi kwenye ukumbi wenye benchi refu, tukisikia wenzetu wakipiga mayowe ndani ya chumba cha kufungia vidonda, kila mmoja akijua zamu yake inasogea. Jirani yangu wa kudumu alikuwa Bi Zuhura, mfanyabiashara wa dagaa kutoka visiwani upande wa Muleba, mwenye mguu ulioungua mafuta.

"Afisa," aliniambia siku ya kwanza akitazama mkono wangu, "hayo ni makaa. Ukiyachoka niuzie, nikaangie samaki."

Nilimwambia kwamba sina mazoea ya mzaha na watu nisiowajua.

"Utanijua. Benchi hili halina mlango wa nyuma." Akamtazama Advera, aliyekuwa amesimama mbali na mfuko wa dawa. "Huyo binti anayekuhudumia ni mke mdogo?"

"Ni mkamwana wangu!"

Nilisema kwa sauti kubwa mno. Wahaya waliokuwepo walinitazama, wakamtazama Advera, wakatazama chini. Bi Zuhura peke yake hakutazama chini.

"Mkamwana anakufunga kidonda kama hicho?" alisema. "Wangu hanipi hata maji. Mshukuru Mungu, mzee, usitupigie kelele."

Tangu siku hiyo aliniwekea nafasi kwenye benchi kwa kuitandaza kanga yake. Nilipoitwa ndani alikuwa akiniambia, "Piga kelele, afisa, hakuna mwajiri wako humu." Siku moja nilipiga. Nilipotoka alinipa kashata. Huruma ndogo za namna hiyo ndizo zilizonivusha msimu wa kiangazi.

Nyumbani hapakuwa na huruma. Ma Koku alijaribu kunifunga kidonda mara moja, akafika kwenye kitambaa cha mwisho, akatapika kwenye ndoo. Simcheki. Baada ya hapo kazi ilikuwa ya Advera. Mwanzoni alitaka kuifanya bila kunitazama, uso ameugeuzia ukutani, na hivyo akanichoma na koleo. Nilipiga yowe. Akageuka, akautazama mkono, na hakugeuka tena.

Siku moja Ma Koku alisimama mlangoni akitutazama. Alikuwa ametoka sokoni, na sokoni kuna midomo. Aliingia, akanyakua beseni la maji ya dawa na damu, akammwagia Advera usoni, kisha akalitupa beseni ukutani.

"Nyumba hii ina mke mmoja!"

"Koku!" nilisema. "Una wazimu?"

"Mwenye wazimu ni wewe uliyevuliwa nguo na mke wa mwanao! Na unakaa hapo unampa mkono kama bwana harusi!" Alinisogelea. "Baba yako alipokuwa anakufa Kishanda, nani alikuwa mlangoni? Mimi. Nyote mlikuwa shambani. Nilimsikia anaomba maji. Niliyaweka kizingitini nikakimbia kutafuta mtu wa kumpa, na niliporudi na mtu alikuwa amekufa, na kikombe kiko pale pale kizingitini. Sikuingia, kwa sababu hairuhusiwi. Nimekaa na kikombe hicho maisha yangu yote. Huyu ameruhusiwa na nani?"

Hakuwahi kuniambia hayo. Tumeoana naye tungali vijana na hakuwahi kuniambia. Kwa hasira nilimfukuza atoke mbele yangu. Alitoka kweli. Alikwenda Kishanda kwa kaka yangu mkubwa, Ta Ishengoma, mkuu wa ukoo, akampelekea mashitaka. Advera alipiga magoti, akaokota beseni, akafuta sakafu, akaendelea kunifunga. Maji yalikuwa bado yanamdondoka kidevuni.

Mstari ulijitokeza msimu wa senene. Asubuhi ya kukatwa, watoto walikuwa wakikimbiza senene nje ya dirisha la hospitali, na mimi ndani nikidungwa sindano kwenye mzizi wa kila kidole. Ganzi ilishika vidole viwili. Cha tatu haikukishika vizuri, na niligundua hivyo wakati koleo la mifupa lilipofunga. Sauti yake ni kama ya kuvunja kijiti kibichi. Nilimtukana daktari, naye alisema, "Ndiyo, mzee, bado kidogo, mzee," kana kwamba namsalimu. Niliporudi nyumbani Advera aliwachambua senene mabawa na miguu, akawakaanga, akawaweka mezani, akarudi nyuma. Nikawala kwa mkono wa kushoto. Walikuwa watamu. Nilishangaa kwamba dunia bado ina kitu kitamu.

Ukoo ulikaa Kishanda wakati wa Krismasi, wengi wanapokuwa wamerudi nyumbani. Ma Koku alikaa upande wa wanawake, hakunitazama. Advera alipigishwa magoti katikati ya sebule. Kahawa ya kutafuna ilizungushwa kwenye kikapu, haikufikishwa kwake. Ta Ishengoma alisoma makosa kutoka kichwani: amemgusa baba mkwe, amesimama mbele yake na suruali, amempiga, amemng'oa jino, ameona uchi wake, na anaendelea kumshika kila siku. Hukumu iliyopendekezwa ni kwamba arudi kwao Kagoma, wazazi wake walete mbuzi wa kutakasa, na kurudi kwake kuamuliwe baadaye. Kila mtu pale alijua kwamba wanaoamuliwa baadaye huwa hawarudi.

Deusi alipigiwa simu, ikawekwa sauti ya juu.

"Mimi niko mbali," alisema. "Wazee waamue."

Nilimwona Advera akifumba macho. Tangu asubuhi hakuwa amefumba macho, hata alipotukanwa.

"Tangu lini," alisema mmoja wa baba wadogo, "mwanamke akamburuta mzee wa ukoo kama nguruwe wa sikukuu?" Watu wakacheka.

Nilisimama.

"Keti, mdogo wangu," alisema Ta Ishengoma. "Siku ile hukuwa na akili. Ushahidi wako hauna uzito."

"Sijasimama kutoa ushahidi, waitu kaka yangu. Nimesimama kutenda."

Nilikwenda katikati ya sebule. "Advera, kunja shati mkononi." Akakunja. Kovu lilikuwa pale, duara la meno.

"Mnatafuta aliyemwaga damu ya mwenzake?" nilisema. "Meno haya ni yangu. Bega lake lililoshuka upande mmoja ni fimbo yangu. Kovu juu ya jicho lake ni fimbo yangu. Nilikuwa nakwenda kutumbukia korongoni, naye alinishusha akiwa amevunjika, kwa kitenge alichojifunga ili kuwaheshimu ninyi. Mnasema siku ile sikuwa na akili. Sawa, kumbukumbu ziseme hivyo. Leo akili ninazo, na nyote mnaniona."

Nikamshika mkono. Mbele ya ukoo wote nilimshika mkamwana wangu mkono kwa mkono wangu wenye bandeji, gumba na kidole cha mwisho, nikamwinua kutoka magotini.

"Yeye alinigusa nikiwa mgonjwa. Mimi namgusa nikiwa mzima. Nifukuzeni mimi kwanza."

Wanawake walipiga ukelele. Mtu alipindua kikapu cha kahawa. Ta Ishengoma alikuja na fimbo yake imeinuliwa, mzee wa umri wake, akilia kwa hasira. "Mwachie!" akanipiga mkononi. "Mwachie, unatuua!" akanipiga tena, pale pale kwenye vidonda. Mshono uliachia, damu ikalowesha bandeji, ikashuka kwenye vidole vya Advera. Macho yangu yaliona giza. Sikumwachia. Kama kuna jambo nililolifanya vizuri katika maisha yangu ya utumishi na nje ya utumishi, ni kutomwachia pale.

Fimbo iliinuliwa mara ya tatu na haikushuka. Ma Koku alikuwa ameidaka.

"Ta Ishengoma, inatosha," alisema. "Hicho ni kidonda. Hukuona kilivyokuwa. Mimi nilikiona nikakimbia."

Alikaa muda mrefu ameishika ile fimbo. Mwishowe kaka yangu alimwachia fimbo, akaketi, akaomba kahawa, wakamwokotea chini. Alitafuna, akatema ganda.

"Basi mbuzi atatoka kwako," aliniambia. "Umevunja mwiko hadharani, nawe ni mtu mzima."

"Atatoka kwangu."

"Na awe mkubwa."

Mbuzi nilimtoa, mkubwa, na aliliwa. Hakuna aliyekwenda Kagoma. Na Deusi aje ajitetee mwenyewe, mimi sitamtetea.

Wewe unayepanda mlima, mwambie aliye nyuma yako kwamba unatapika. Hilo tu ndilo ninaloweza kukushauri kwa uhakika. Na wewe uliyepigwa na mgonjwa wako, kovu lako lina haki ya kuonekana. Mgonjwa akipona, alioneshe yeye.

Kesho yake tulirudi Hamugembe. Asubuhi niliketi barazani, mkono umefungwa upya, nikaomba chai. Advera alikuja na kikombe. Kwa mazoea alitafuta mahali pa kukiweka ili arudi nyuma. Kigoda kilikuwa kimechukuliwa. Akasimama nacho, akatazama huku na huku, kisha akanitazama usoni, akaninyooshea.

Ma Koku alikuwa mlangoni, mguu mmoja kwenye kizingiti. Nilimsubiri aseme neno lolote.

"Mshikie vizuri," alisema, akaingia. "Si unaona vidole vyake viwili?"